Mfupa Uliovunjika Huungwa na Nani? Somo la Seli Shina na Mwanga wa Kimulimuli

Utangulizi

Muyama ni nchi ya milima. Iko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa mpaka wa Burundi, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu na ambalo tangu 2012 limo katika Wilaya ya Buhigwe. Katika miteremko yake watu hupanda na kushuka wakichukua ndizi, maharage na kahawa kwa kichwa, kwa baiskeli, na siku hizi kwa pikipiki. Si ajabu, basi, kwamba kuvunjika mguu au mkono ni jambo linalojulikana katika kila ukoo.

Nilipokuwa likizoni huko nyumbani, mtoto wa ndugu yangu, mwanafunzi wa Kidato cha Pili, alianguka na baiskeli yenye mzigo wa ndizi, akavunjika muundi. Siku ile ile alipigwa picha ya eksirei hospitalini. Ilionekana ufa mwembamba, na mfupa haukuwa umehama mahali pake. Alifungwa gango, na baada ya siku chache wazee walimkabidhi kwa mzee mmoja mwunga mifupa, mtu mwenye heshima kubwa, ambaye aliendelea kumfunga kwa mabanzi ya mwanzi. Siku ya 12 baba yake alimrudisha hospitalini kwa picha ya pili. Ufa ulikuwa pale pale, tena ulionekana umepanuka kidogo. Jioni hiyo maneno yalikuwa makali.

"Mzee, picha inasema mfupa unazidi kuachana," alisema baba wa kijana.

Yule mzee hakukasirika. Alifungua mabanzi, akapapasa muundi taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, vidole vyangu vinagusa uvimbe mgumu ambao juma lililopita haukuwapo. Mfupa umeanza kushika." Halafu akanigeukia mimi. "Nawe, mwalimu, umesoma hata ng'ambo. Hebu tuambie: picha hiyo inaona nini, na ni kitu gani haikioni?"

Sikumbuki kuulizwa swali la sayansi lililo bora kuliko hilo. Jibu langu la jioni ile lilikuwa fupi mno, nami naona wanafunzi na walimu wa biolojia wanastahili jibu kamili. Katika makala hii tutaona kwamba picha na vidole vyote viwili vilisema kweli. Na tutaona jinsi wataalamu, kwa kuazima mwanga wa mdudu mdogo, walivyoweza kuwatazama mafundi halisi wa mfupa wakiwa kazini ndani ya mnyama aliye hai.

Mfupa umeundwa na nini?

Mfupa una vitu viwili vikuu vilivyofumwa pamoja. Cha kwanza ni madini, hasa fosfati ya kalisi, ambayo huupa ugumu. Cha pili ni nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huufanya usikatike upesi kama chaki. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Chukua mifupa miwili ya mguu wa kuku, iliyosafishwa vizuri. Mmoja uweke katika chupa yenye siki na ubadilishe siki kila baada ya siku mbili. Baada ya juma moja au zaidi asidi itakuwa imeyeyusha sehemu kubwa ya madini, na mfupa utapindika kama mpira. Wa pili uchome katika makaa mpaka uwe mweupe. Protini itakuwa imeungua, na mfupa uliobaki, ingawa una umbo lile lile, utavunjikavunjika ukiushika kwa nguvu.

Sasa fikiri: mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huzuiwa hasa na kalisi. Ukiupiga picha mfupa wa kwanza, ule wa siki, utaonekana hafifu sana, ingawa upo na waweza kuushika mkononi. Hapa ndipo mahali pa kuanzia kumjibu mzee. Picha ya eksirei inaona madini. Kitu kisicho na madini hupita machoni pake kama kivuli.

Hatua nne za kuunga

Mfupa unapovunjika, mwili hufuata mpango wenye hatua nne, ambazo huingiliana.

(1) Mishipa ya damu hukatika na damu huganda mahali pa ufa. Eneo huvimba na kupata joto. Seli za kinga hufika, huondoa mabaki yaliyokufa, na hutoa kemikali za kuita seli nyingine. Katika siku hizi za mwanzo hata ncha za mfupa huliwa kidogo ili kuondoa sehemu zilizokufa. Ndiyo sababu ufa waweza kuonekana mpana zaidi katika juma la pili kuliko siku ya kwanza.

(2) Seli zilizoitwa huongezeka na kutengeneza gegedu, yaani kitu kilaini lakini imara kama kile kilichomo sikioni. Gegedu hujaza pengo na kufanya nundu ya kuungia. Nundu hii haina madini ya kutosha, kwa hiyo eksirei haioni kitu cha maana, ilhali kidole chenye uzoefu huigusa.

(3) Mishipa mipya ya damu huingia, na gegedu hubadilishwa kuwa mfupa mchanga wenye kalisi. Hapo ndipo picha huanza kuonyesha wingu jeupe kuuzunguka ufa.

(4) Kwa miezi mingi, na hata miaka, nundu huchongwa na kunyooshwa mpaka mfupa ukaribie umbo lake la zamani.

Kijana wetu alikuwa kati ya hatua ya pili na ya tatu. Picha ilisema, "Sioni madini." Vidole vilisema, "Nagusa nundu." Hapakuwa na ugomvi wowote kati yao.

Mafundi wenyewe ni akina nani?

Lakini swali kubwa zaidi linabaki. Hiyo gegedu na huo mfupa mchanga hutengenezwa na nani? Jibu ni seli shina. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi ya kudumu. Yaweza kugawanyika na kutoa seli nyingine kama yenyewe, na pia kutoa watoto watakaokuwa seli za kazi maalumu. Katika miaka ya 1960 na 1970, mtaalamu wa Kisovieti Alexander Friedenstein alionyesha kwamba ndani ya uboho, pamoja na seli zinazozaa damu, zimo seli chache zinazoweza kuzaa mfupa. Seli za namna hiyo zimo pia katika utando mwembamba unaoufunika mfupa kwa nje, uitwao periosti. Mwanafunzi aliyewahi kuambua nyama kwenye mfupa wa mbuzi ameuona utando huo.

Kujua kwamba seli hizo zipo ni jambo moja; kujua zinafanya nini siku kwa siku katika mguu uliovunjika ni jambo jingine. Kwa muda mrefu watafiti walitegemea ushahidi wa viumbe vilivyokwisha kufa.

Mfano mzuri uko katika mkoa wetu wenyewe. Ukishuka kutoka milimani mpaka ukingo wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, utafika Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mifupa ya baadhi ya sokwe waliokufa huko ilihifadhiwa kwa ajili ya elimu, na mwaka 1989 Robert Jurmain alichapisha uchunguzi wake wa majeraha yaliyoonekana katika mifupa hiyo. Miongoni mwake ilikuwamo mifupa iliyovunjika zamani ikaunga yenyewe, bila gango wala daktari. Hilo ni funzo kubwa: uwezo wa kuunga umo ndani ya mnyama mwenyewe. Hata hivyo, mfupa wa sokwe aliyekufa hutuonyesha mwisho wa safari tu. Hautuambii seli zipi zilifika kwanza, zilitoka wapi, wala zilikaa kwa muda gani.

Katika maabara, njia ya kawaida ilikuwa kuvunja mifupa ya panya wengi, kisha kuwaua baadhi yao siku ya 3, wengine siku ya 7, wengine siku ya 14, na kukata vipande vyembamba vya kutazama kwa hadubini. Ni sawa na kutaka kuujua mchezo wa mpira kwa kutazama picha chache, kila moja ya timu nyingine. Ilihitajika njia ya kumtazama panya yule yule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwanga wa kuazima

Msaada ulitoka kwa kimulimuli. Mdudu huyu hutoa mwanga usiochoma kwa sababu tumboni mwake mna kitu kiitwacho lusiferini. Kimeng'enya kiitwacho lusiferesi huunganisha lusiferini na oksijeni, kwa kutumia ATP, ambayo ni akiba ndogo ya nishati iliyo tayari kutumika katika kila seli hai. Matokeo yake ni mwanga. Kwa kifupi:

lusiferini + oksijeni + ATP, mbele ya lusiferesi, hutoa mwanga.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego walifaulu kuinakili jeni ya lusiferesi ya kimulimuli wa Marekani. Mwaka 1986 jeni hiyo iliingizwa katika mche wa tumbaku, na mche ukang'aa gizani. Katika miaka ya 1990 Christopher Contag na wenzake, huko Stanford, walionyesha kwamba mwanga wa namna hii ukitolewa ndani ya mnyama aliye hai waweza kunaswa kutoka nje ya ngozi yake.

Kwa uchunguzi wa mifupa kazi hufanyika hivi. Seli shina huchukuliwa kutoka uboho wa panya na kutiwa jeni ya lusiferesi. Kisha hudungwa katika panya aliyevunjika mguu. Siku ya kupiga picha, panya hupewa dawa ya usingizi, hudungwa lusiferini, na kulazwa ndani ya sanduku lenye giza totoro chini ya kamera iliyopozwa sana, inayoweza kunasa hata mwanga hafifu mno. Kompyuta huhesabu mwanga uliotoka katika kila sehemu ya mwili. Panya huamka, hurudishwa kizimbani, na picha nyingine hupigwa baada ya siku kadhaa.

Uzuri wa njia hii umo katika ile kanuni ya juu. Seli iliyokufa haina ATP, kwa hiyo haing'ai. Seli ikigawanyika, watoto wake hurithi jeni na wote hung'aa. Kama tungezitia seli rangi ya kawaida, rangi ingepungua kila zinapogawanyika, na seli ikifa rangi yake ingeweza kumezwa na seli ya kinga, nasi tungedanganyika kwamba fundi angali hai. Mwanga wa kimulimuli ni ushahidi wa uhai.

Waliyoyaona

Mwaka 2009 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, wakiongozwa na Anna Spagnoli, kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo katika panya waliovunjika muundi. Seli zilizodungwa katika mshipa wa damu zilionekana zikifika kwenye mvunjiko. Hazikubahatisha njia. Zilizofika ni zile zilizokuwa na kipokezi kiitwacho CXCR4, ambacho ni kama pua ya kunusa kemikali inayotolewa na jeraha. Nundu ya panya waliopewa seli hizo ilikuwa na gegedu na mfupa zaidi, na ilistahimili nguvu vizuri zaidi. Tena, seli hizo hazikuwa mafundi wa kujenga tu. Zilitoa protini ya kuchochea ujenzi wa mfupa na zilipunguza uvimbe.

Picha za mwanga zimefunua pia jambo la kutahadharisha. Seli zikidungwa katika mshipa, nyingi hunaswa kwanza katika mapafu, kwa sababu mishipa ya huko ni myembamba sana. Ni sehemu tu inayofika mahali palipokusudiwa.

Mwanga wa kimulimuli, hata hivyo, hautoi picha kali. Huonyesha kundi la seli kama vile taa za kijiji zinavyoonekana kutoka mlima wa pili: unajua kijiji kipo, wala huwezi kuhesabu nyumba. Ili kuona seli mojamoja, wataalamu hutumia hadubini ya fotoni mbili, iliyobuniwa mwaka 1990, pamoja na protini za kung'aa kama ile ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliipata katika kiwavi wa baharini mwaka 1962, na ambayo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa njia hiyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 na Dongsu Park, David Scadden na wenzao ulionyesha seli za panya mwenyewe, zilizotiwa alama ya kung'aa, zikisafiri kwenda kwenye jeraha la mfupa na kugeuka wajenzi wa mfupa. Mwaka 2019 watafiti wa Houston, Park akiwa miongoni mwao, waliripoti kwamba seli shina za periosti nazo huhama kwenda kwenye jeraha zinapoitwa kwa kemikali maalumu.

Kutokana na hayo tunapata jibu la swali lililo juu ya makala hii. Mfupa huungwa na seli za mgonjwa mwenyewe, nyingi zikitoka jirani kabisa na ufa, katika periosti na uboho. Gango haliungi mfupa. Plasta haiungi mfupa. Hata daktari mpasuaji mwenye misumari ya chuma haungi mfupa. Wote hawa huwaandalia mafundi mahali pa kufanyia kazi.

Mipaka ya njia hizi

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini basi kijana wa Muyama asitazamwe kwa mwanga wa kimulimuli? Sababu ni mbili. Kwanza, seli zake zingepaswa kutiwa jeni ya mdudu, jambo lisiloruhusiwa kufanywa kwa ajili ya picha tu. Pili, mwanga haupenyi mbali katika mwili. Himoglobini ya damu hufyonza sana mwanga wa kijani na wa njano. Mwekundu, wenye urefu wa mawimbi unaozidi nanomita 600, hupita vizuri zaidi. Ukiweka tochi nyuma ya kiganja gizani utauona wekundu huo. Panya ana uzito wa gramu 20 hadi 30 tu, kwa hiyo mwanga hutoka. Katika paja la mtu ungepotea njiani.

Kwa sababu hiyo hiyo tusiharakishe kuhamisha matokeo ya panya kwa binadamu. Wapo duniani wafanyabiashara wanaouza sindano, na hata vidonge, kwa jina la seli shina, wakiahidi kuponya kila maradhi. Msomaji wa makala hii sasa anajua la kuwauliza: Seli hizo zilionekana zikifika wapi? Zilikuwa hai kwa muda gani? Nani alizitazama, na kwa njia gani?

Funzo kwa Muyama

Kama kazi hufanywa na seli hai, basi kila tendo juu ya mguu uliovunjika lipimwe kwa swali moja: Je, linazisaidia seli au linazizuia?

Seli huishi kwa damu. Banzi lililokazwa kupita kiasi, au plasta iliyobana baada ya mguu kuvimba, huzuia damu, na nyama yote yaweza kufa mpaka mguu ukatwe. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, kifungo kilegezwe na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo, mfupa uliotoboa ngozi ni wa hospitali tangu mwanzo, kwa sababu vijidudu huingia.

Mishipa mipya ni myembamba kama uzi wa buibui. Mwendo mdogo sana wa mfupa huchochea nundu, lakini kuuchua na kuuvuta mvunjiko kila siku huipasua mishipa hiyo, na seli zinalazimika kuanza upya. Seli pia hujenga kwa vifaa vinavyotoka katika chakula. Maharage ya milimani na dagaa wa Ziwa Tanganyika huleta protini, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta kalisi pia. Tumbaku huchelewesha kuunga.

Kuhusu kijana wetu, alirudishwa hospitalini akafungwa plasta ngumu, na yule mzee aliambatana naye. Katika juma la sita picha ilionyesha wingu jeupe kuuzunguka ufa, pale pale vidole vya mzee vilipokuwa vimegusa. Mzee aliitazama picha akasema, "Sasa nayo imeona." Ningependa siku moja hospitali na waunga mifupa wa milima yetu wakae meza moja namna hiyo mara kwa mara, kila mmoja akijua kipi anakiona na kipi hakioni. Hiyo ndiyo tabia ya mwanasayansi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini picha ya eksirei ya siku ya 12 yaweza kuonyesha ufa mpana zaidi kuliko ile ya siku ya kwanza, ingawa mfupa unaendelea kupona.

2. Kwa kutumia kanuni ya mwanga wa kimulimuli, taja vitu vitatu ambavyo vikikosekana seli yenye jeni ya lusiferesi haitang'aa.

3. Mtafiti alidunga seli zenye jeni hiyo. Siku ya kwanza mwanga ulionekana kifuani. Siku ya 7 ulionekana kwenye muundi uliovunjika. Toa maelezo ya matokeo hayo.

4. Fanya jaribio la mifupa miwili ya kuku. Ni mfupa upi ungeonekana vizuri zaidi katika picha ya eksirei, na kwa nini?

5. Jadili darasani: ni faida gani za kumtazama panya mmoja mara nyingi kuliko kuwaua panya wengi kwa nyakati mbalimbali? Fikiria usahihi wa matokeo na pia huruma kwa wanyama.